Muhogo si dawa ya saratani: Sayansi ya sumu iliyowahi kupooza watu Mara

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MUHOGO ni chakula cha kila siku kwa familia nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara. Unga wake husongwa ugali unaoliwa kwa sato, sangara au dagaa wa Ziwa Victoria, vipande vyake vilivyochemshwa huliwa kwa chai ya asubuhi, na majani yake hutwangwa yakawa kisamvu.

Katika miaka ya karibuni, zao hilo limeanza kusifiwa kwa jambo jingine. Ujumbe unaosambazwa kwa simu na mitandao ya kijamii unadai kuwa muhogo, hasa ule mchungu, una kirutubisho kiitwacho "vitamini B17" chenye uwezo wa kuua seli za saratani. Mgonjwa hushauriwa kula muhogo mara kadhaa kwa siku, na katika baadhi ya ujumbe huambiwa kuwa hospitali zinaficha siri hiyo kwa sababu muhogo ni wa bei nafuu.

Yapo pia madai ya zamani zaidi: kwamba muhogo mbichi ukitafunwa kwa karanga na nazi huongeza nguvu za kiume, kwamba ugali wa muhogo ni tiba ya kisukari, na kwamba kisamvu huongeza damu.

Baadhi ya madai hayo yana chembe ya ukweli. Mengine hayana, na moja linaweza kuua. Mkoa wa Mara una sababu ya pekee ya kuyapima kwa makini, kwa kuwa kile kinachotangazwa sasa kuwa dawa ndicho kilichowaacha watu wa mkoa huo wakiwa walemavu wa miguu miaka ya 1980.

"Vitamini" isiyo vitamini

Historia ya "vitamini B17" haikuanzia kwenye muhogo. Mwaka 1830, wanakemia wawili wa Ufaransa, Robiquet na Boutron-Charlard, walitenga kutoka katika lozi chungu kemikali iliyopewa jina la amigdalini. Kemikali hiyo imo pia ndani ya kokwa za matunda kama aprikoti na pichi.

Zaidi ya karne moja baadaye, nchini Marekani, kemikali inayofanana nayo ilianza kuuzwa kwa jina la Laetrile kama tiba ya saratani. Waliokuwa wakiitangaza, akiwamo Ernst Krebs mdogo, ndio walioipa jina la "vitamini B17".

Jina hilo halikubaliki kisayansi. Vitamini ni kirutubisho ambacho mwili hauwezi kuwa na afya bila ya kukipata, na upungufu wake huleta ugonjwa unaojulikana. Anayekosa vitamini C hupata kiseyeye na anayekosa vitamini A hupoteza uwezo wa kuona gizani. Hakuna ugonjwa unaompata mtu kwa kukosa amigdalini.

Dai lenyewe lilipimwa. Mwaka 1982, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti ulioongozwa na Dk. Charles Moertel wa Mayo Clinic, ambao wagonjwa 178 wa saratani walipewa dawa hiyo pamoja na mlo uliokuwa ukipendekezwa na wafuasi wake. Hakuna aliyepona. Baadhi ya wagonjwa walionyesha dalili za sumu, na damu ya wengine ilikutwa na kiwango cha sianidi kilichokaribia kile cha kuua.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2015 nayo hayakupata ushahidi wa kuaminika kwamba Laetrile au amigdalini inamsaidia mgonjwa wa saratani.

Aidha, kemikali kuu iliyomo katika muhogo wala si amigdalini, bali ni linamarini. Zinafanana katika jambo moja: zote mbili zikivunjika hutoa sianidi, ambayo ni miongoni mwa sumu kali zijulikanazo.

Watetezi wa tiba hiyo husema kuwa sianidi huua seli za saratani na kuziacha salama seli nyingine. Vipimo vya maabara havikuunga mkono hoja hiyo. Sianidi huzuia seli kutumia oksijeni, na hufanya hivyo kwa seli ya uvimbe, ya moyo na ya ubongo bila kuchagua.

Jinsi sumu inavyotengenezwa

Muhogo hautengenezi sumu hiyo kwa bahati mbaya. Ni kinga yake dhidi ya wadudu na wanyama. Ndani ya mzizi mzima, linamarini hukaa upande wake na kimeng'enya kinachoivunja hukaa upande wake. Mzizi ukitafunwa, ukikatwa au ukipondwa, viwili hivyo hukutana na sianidi huanza kutoka.

Kwa sababu hiyo, wakulima wengi hupenda muhogo mchungu. Nyani, nguruwe na hata wezi huuogopa, nao unaweza kubaki ardhini kwa muda mrefu ukingoja siku ya njaa. Faida hiyo ni kubwa kwa mkulima wa Bunda, wilaya inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Kwa viwango vya kimataifa vya chakula vinavyosimamiwa na FAO na WHO, muhogo huhesabiwa kuwa mtamu iwapo una chini ya miligramu 50 za sianidi katika kila kilo ya mzizi mbichi. Muhogo mchungu unaweza kuwa na mara kumi ya kiwango hicho. Unga wa muhogo ulio tayari kwa kupikwa hautakiwi kuzidi miligramu 10 kwa kilo.

Ukame huongeza sumu. Mmea unaokosa maji hujilimbikizia kemikali hizo zaidi, hivyo shamba lililotoa muhogo salama mwaka wa mvua linaweza kutoa muhogo wa hatari mwaka wa kiangazi kikali. Ladha nayo haitoshi kuwa kipimo, kwa kuwa si kila muhogo wenye sumu huwa mchungu sana mdomoni.

Yaliyotokea Tarime mwaka 1985

Mwaka 1985, baada ya ukame, watu wa baadhi ya vijiji vya Wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilijumuisha Rorya ya sasa, walianza kupooza miguu. Ugonjwa ulianza ghafla. Mtu aliyelala akiwa mzima aliamka, au alikuwa njiani kutoka shambani, akakuta miguu yote miwili imekakamaa na kutetemeka.

Waliopatwa zaidi walikuwa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Waliopata hali nyepesi waliweza kutembea kwa kukakamaa, wengine walihitaji fimbo, na wenye hali mbaya hawakuweza kutembea kabisa. Baadhi walipata pia shida ya kuona au kutamka maneno.

Madaktari walitambua kuwa huo ulikuwa ugonjwa wa konzo. Jina hilo linatoka katika lugha ya Kiyaka ya kusini magharibi mwa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938 na daktari Mwitalia, Giovanni Trolli, aliyekuwa akifanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1981 ulizuka kwa kishindo katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ambako watu zaidi ya 1,000 walipooza.

Uchunguzi wa Tarime uliwakutanisha Dk. William Howlett, mtaalamu wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, Dk. Glen Brubaker wa Hospitali ya Shirati, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Hans Rosling wa Sweden. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Brain mwaka 1990. Wagonjwa waliotambuliwa katika eneo hilo walizidi 100.

Chanzo kilikuwa jikoni. Mahindi na mtama vilikauka shambani, ukabaki muhogo mchungu peke yake. Kwa njaa, familia zilifupisha siku za kuuandaa, zikala unga ambao bado ulikuwa na sianidi nyingi, na zikaula wiki baada ya wiki bila kitoweo cha kutosha.

Konzo haina dawa ya kuirudisha miguu katika hali yake ya awali. Haiendelei kuwa mbaya baada ya kuanza, lakini aliyepooza hubaki na ulemavu huo maisha yake yote. Mazoezi ya viungo, fimbo na baiskeli za magurudumu matatu humsaidia kuishi, lakini havimponyi.

Ugonjwa huo haukuishia Mara. Katika uchunguzi uliofanywa kusini mwa Tanzania baada ya milipuko ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu 214 walitambuliwa kuwa na konzo. Nchini Uganda, Septemba 2017, watu 98 walipata sumu ya ghafla na wawili kati yao walifariki dunia wilayani Kasese baada ya kula chakula cha unga wa muhogo wenye sianidi nyingi.

Kazi ya dagaa katika sahani

Swali ambalo watu hujiuliza ni kwa nini wakazi wa kandokando ya ziwa hula muhogo miaka yote na wengi wao hawadhuriki.

Sehemu ya jibu ni maandalizi. Sehemu nyingine ni kitoweo. Mwili wa binadamu una njia yake ya kuondoa sianidi: huiunganisha na salfa na kuigeuza kuwa thayosianati, ambayo hutoka kwa mkojo. Salfa hiyo hupatikana katika protini, hasa za samaki, nyama, maziwa na mayai.

Mtu anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa kila siku anaupatia mwili wake zana za kuisafisha sumu kidogo iliyobaki. Anayeula kwa chumvi au kwa mchuzi mtupu hana zana hizo, na muhogo wenyewe hauwezi kumpatia, kwa kuwa una protini kidogo mno.

Thayosianati nayo ina athari zake. Huzuia tezi ya shingo kuchukua madini ya joto, hivyo mahali penye upungufu wa madini hayo mlaji wa muhogo huweza kupata rovu. Chumvi yenye madini joto hupunguza hatari hiyo.

Desturi ya kuchanganya unga wa muhogo na mtama au ulezi, iliyozoeleka katika nyumba nyingi za Mara, nayo ina maana kilishe. Hupunguza kiasi cha muhogo katika kila tonge, na nafaka huongeza protini.

Kisukari, nguvu za kiume na kisamvu

Kuhusu kisukari, Mara tayari imekwisha kuchangia jibu. Kwa miaka mingi baadhi ya wanasayansi walishuku kuwa sianidi ya muhogo ndiyo inayosababisha aina fulani ya kisukari katika nchi za joto. Watafiti, wakiwamo Dk. Andrew Swai na Profesa Donald McLarty, waliwapima wakazi wa jamii ya mkoa huo iliyokuwa imeishi kwa muhogo mchungu, wakawalinganisha na watu wa sehemu nyingine ya Tanzania wasiokula muhogo kwa wingi.

Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Diabetes Care mwaka 1992 yalionyesha kuwa walaji wa muhogo hawakuwa na kisukari zaidi ya wenzao. Muhogo, kwa hiyo, haukuthibitika kuwa chanzo cha ugonjwa huo.

Hata hivyo, hilo haliufanyi kuwa tiba. Sehemu kubwa ya muhogo ni wanga, na wanga hugeuka kuwa sukari katika damu. Mgonjwa wa kisukari anayeacha vidonge au sindano ya insulini kwa kutegemea ugali wa muhogo anajiweka katika hatari ya kupoteza fahamu, figo au maisha. Anaweza kuula kwa kiasi, kama anavyokula ugali wa mahindi, akifuata ushauri wa kliniki.

Dai la nguvu za kiume ndilo linalouza mihogo mibichi, karanga na nazi katika vituo vya mabasi na mitaa ya miji mingi nchini. Karanga na nazi zina mafuta na karanga ina protini, na mlo huo humpa mtu nishati. Hakuna utafiti wa wagonjwa ulioonyesha kuwa muhogo mbichi unatibu upungufu wa nguvu za kiume.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kuwa tatizo hilo, hasa kwa mwanamume wa makamo, mara nyingi ni dalili ya awali ya kisukari, shinikizo la damu au kuziba kwa mishipa ya damu. Anayelificha kwa kutafuna mihogo huchelewa kugundua ugonjwa wenyewe. Aidha, muhogo mbichi haujapitia hatua yoyote ya kuondoa sumu, hivyo unaofaa kutafunwa ni ule tu wa aina inayojulikana kuwa tamu, tena kwa kiasi kidogo.

Kisamvu ndicho chenye dai lenye nguvu kuliko yote. Majani ya muhogo yana protini nyingi kuliko mzizi, yana madini ya chuma na hutoa vitamini A. Lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida, na husaidiwa na vyakula vyenye vitamini C kama limau na nyanya, au samaki na nyama. Mjamzito au mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu hapaswi kuachiwa kisamvu peke yake, kwa kuwa chanzo kinaweza kuwa malaria, minyoo au selimundu.

Majani hayo pia yana sianidi, mara nyingi zaidi ya mzizi. Kinu ndicho kinachoyafanya yalike: kuyatwanga hadi yalainike hukutanisha kimeng'enya na linamarini, na kuyachemsha kwa muda mrefu bila mfuniko hutoa sumu iliyofunguliwa. Majani yaliyokatwakatwa tu na kuivishwa haraka hubaki na sumu.

Namna ya kuandaa unga salama

Sianidi ikishatoka katika linamarini huwa nyepesi kuondoka, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzijoto zipatazo 26 tu. Kazi yote ni kuifungua kwanza. Kuanika mizizi juani bila hatua nyingine, kama inavyofanywa kwa makopa, huukausha muhogo haraka na kuacha sehemu ya sumu ikiwa imefungiwa ndani.

Njia zifuatazo ni bora zaidi:

Kuvundika: Mihogo humenywa, hulundikwa na kufunikwa kwa siku kadhaa hadi ilainike, kisha ukungu hukwanguliwa, mihogo huvunjwavunjwa na kuanikwa hadi ikauke kabisa. Hii ndiyo njia ya udaga, inayojulikana sana Kanda ya Ziwa.

Kuloweka: Mihogo iliyomenywa hukaa ndani ya maji kwa siku tatu au nne mpaka iwe laini, kisha maji humwagwa na mihogo huanikwa. Hii huondoa karibu sumu yote.

Kulowanisha unga: Njia hii ilibuniwa na mwanakemia Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na imetumika kusini mwa Tanzania, Msumbiji na Kongo. Unga hutiwa katika bakuli na kiwango chake huwekwa alama kwa ndani. Maji huongezwa huku ukikorogwa. Unga hushuka kwanza, kisha hupanda tena hadi kwenye alama. Hapo hutandazwa juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha hupikwa siku hiyohiyo.

Njia hiyo ya tatu haichukui nafasi ya kuvundika au kuloweka. Ni hatua ya nyongeza, inayomfaa hasa mkazi wa mjini anayenunua unga sokoni bila kujua uliandaliwaje, na familia za vijijini wakati wa ukame.

Dalili za sumu ya muhogo huanza ndani ya saa chache baada ya kula: kizunguzungu, maumivu ya kichwa na tumbo, kichefuchefu na kutapika. Mgonjwa awahishwe katika kituo cha afya, na chakula kilichobaki kisiliwe na mtu mwingine.

Muda ndio unaopotea

Mara inaifahamu saratani. Butiama ndiko alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki dunia mjini London Oktoba 14, 1999 kwa saratani ya damu.

Aidha, mkoa huo umo katika eneo la Afrika linaloathirika zaidi na saratani ya Burkitt, inayowapata watoto na mara nyingi huanza kwa uvimbe wa taya. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ya kuzuia malaria ili kuona iwapo saratani hiyo ingepungua. Ilipungua, lakini watafiti walibaini kuwa ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya dawa kutolewa, hivyo hawakuipa klorokwini sifa hiyo. Ujumbe wa "vitamini B17" haukupitia kipimo cha namna hiyo kabla ya kusambazwa.

Burkitt hukua kwa kasi ya siku, na ni miongoni mwa saratani za watoto zinazoitikia vizuri dawa za hospitali iwapo mtoto atafikishwa mapema. Wiki mbili za kumlisha muhogo mchungu mtoto mwenye uvimbe wa taya zinaweza kuwa ndizo zilizobaki za kumwokoa.

Mtu mzima naye huchelewa vivyo hivyo. Uvimbe kwenye titi, kutokwa na damu ukeni kusiko kwa kawaida, kidonda kisichopona, kushindwa kumeza au kukonda bila sababu ni mambo ya kupelekwa katika kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya mkoa mjini Musoma. Wanaohitaji tiba ya kibingwa ya saratani hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Mgonjwa aliye katika matibabu anaweza kuendelea kula ugali wa muhogo ulioandaliwa vizuri, kwa samaki na mboga, kwa kuwa anahitaji nguvu. Kilicho muhimu ni kumweleza daktari kila anachokula au kunywa kama dawa, ili kisije kikagongana na tiba anayopewa.

Mwisho.